Vitabu vya kunyoa ndevu: nimesoma viwili, shingo yangu ikalipa

Nianze na shingo, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye vitabu. Miaka sita nimenyolea vile vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu, na miaka yote sita shingo imekuwa kama ganda la fenesi. Jumatatu natoka nyumbani Shangani, hapa Mtwara, nang'aa, Jumatano niko ofisini najikuna. Jamaa yangu wa Lindi akanishauri niachane na plastiki, nitafute mashine ya chuma inayopokea wembe mmoja wa pande mbili, ule ule wa dukani, ila kabla sijaigusa nisome kwanza.

Nikacheka. Kunyoa nako kunasomewa? Kumbe ni elimu ya zamani. Fundi visu mmoja wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe mwaka 1769, na yeye ndiye aliyeuwekea wembe kinga ya mbao ili usizame kwenye ngozi. Kitabu chake sijakisoma, Kifaransa hakipandi.

Nilichoanza nacho ni Shaving Made Easy, kilichotolewa mwaka 1905 na shule moja ya New York iliyokuwa ikifundisha watu kwa njia ya posta. Kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na ni kifupi, jioni moja unakimaliza hata umeme ukikatika katikati. Sehemu kubwa ni wembe wa kukunja: noo, mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali, namna ya kuushika wembe wenyewe. Gillette wa Marekani alikuwa ameshaanza kuuza mashine zake za wembe wa kubadilisha miaka miwili nyuma (mwaka 1903 aliuza 51 tu, na nyembe 168), lakini ukisoma kitabu hiki unaona bado ni dunia ya wembe wa kunoa. Kama unatafuta msaada wa shingo, hapa hutapata mengi. Kama unapenda tu kujua babu zetu na babu zao walivyohangaika na ndevu, kisome, hakikugharimu kitu.

Cha pili nilikilipia, nikakisomea kwenye simu: Leisureguy's Guide to Gourmet Shaving cha Mmarekani Michael Ham. Hiki ndicho chenyewe. Sura za povu peke yake zilinirudishia hela yangu. Mimi nilikuwa napaka sabuni ya kuogea, nazungusha kiganja mara mbili, nimemaliza. Kumbe povu linapikwa: brashi ilowe, uikung'ute, uisugue kwenye sabuni ya kunyolea, kisha uongeze maji tone kwa tone mpaka povu liwe zito na laini kama mtindi. Tena usiikandamize mashine. Uzito wake wa chuma unatosha, kazi yako ni kuuweka wembe mshazari tu kwenye ngozi, kama nyuzi 30, na kuuacha uteleze.

Jambo moja halikuwa la Mtwara. Maji ya moto wanayoyasisitiza mimi sihitaji kuyachemsha. Tangi likishinda juani, jioni bomba linatoa maji ya kuunguza. Na povu langu lilikuwa likikauka shavu la kushoto kabla sijamaliza la kulia. Wiki nzima naidhania sabuni, kumbe ni feni. Nikaizima, povu likatulia.

Sasa kosa langu. Ham anafundisha kupita uso mara tatu, kila mara na povu jipya: kwanza kufuata ndevu zinavyolala, kisha kwa ubavu, mwisho kuzirudisha kinyume. Anasema pia, na anarudia, kwamba kila mtu na uso wake. Lakini mtu mwenye hamu maneno hayo huyaruka. Nikapita mara tatu, mashavu na shingo, nikajipapasa: laini kama yai. Siku ya tatu vipele vikarudi vikiwa na hasira.

Nikaenda kwa kinyozi wangu wa Chikongola, mzee aliyeanza kazi kabla ya mashine za umeme kujaa mjini. Akaniinua kidevu.

"Mwanangu, nani kakufanya hivi?"

"Mwenyewe, mzee. Kwa kitabu."

"Huyo mwenye kitabu ndevu zake zimelala. Zako za kipilipili. Ukizikata kinyume zinazama, halafu zinajipinda na kukuchoma kwa ndani."

Akanipapasisha kidole changu mwenyewe: chini ya kikoromeo zinapanda, upande wa kushoto zinakimbilia sikioni. Kitabu kilishaniambia nipapase, ila mimi niliishia mashavuni. Ile mashine ya nyembe tatu ilikuwa na dhambi hiyo hiyo: wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata chini ya ngozi.

Siku hizi shingo naipitia mara moja, nikifuata ndevu, basi. Baadaye nasugua kipande cha shabu kilicholowa. Kinawasha kidogo, kinafunga damu, na duka la dawa za kienyeji kinauzwa bei ya peremende. Vipele havijaisha vyote, lakini fenesi limeondoka.

Kwa hiyo ununue? Cha Ham ndiyo, kama kweli utanyoa mwenyewe. Kurasa za vifaa zisome ukiwa huna hela mfukoni, maana utajikuta unatamani brashi tatu na sabuni za kila harufu. Mimi msimu wa korosho niliponea chupuchupu.

Cha 1905 kimepata msomaji nisiyemtegemea. Mzee wangu wa Chikongola, yule kinyozi, alitaka kujua wanasemaje kuhusu mkanda, nikamtafsiria namna wembe unavyovutwa mgongo ukitangulia. Akatikisa kichwa, akaridhika. Tangu hapo wateja wakipungua huniuliza, "Umekuja na kile kitabu?" Tumebakiza sehemu ya sabuni.