Mkate wa kumimina wa dirishani, Kikwajuni

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua mkate wa kumimina kwa mama mmoja wa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, anayepika uani kwake na kuuzia kwenye dirisha la mbele. Ninamwandikia tathmini hii kwa sababu anastahiki wateja zaidi, na pia kwa sababu limenikera jina ambalo wenye maduka ya jirani humwita: "yule wa nyumbani". Asubuhi ya siku niliyolisikia, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia dada yangu kwamba mkate ule ni wa nyumbani, nikikusudia kuwa haukupunjwa kitu.

Na kweli haukupunjwa. Mama huyu huroweka mchele tangu usiku, asubuhi akausaga kwa tui zito na iliki, akatia sukari na hamira, kisha akauacha uumuke bila ya kuuharakisha. Sufuria hupakwa mafuta, unga ukamiminwa, na makaa yakapaliwa chini na juu ya kifuniko, hadi uso wa mkate ushike rangi ya hudhurungi. Ukiukata utaona vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na harufu ya iliki hukufikia kabla hujatia kipande kinywani. Anauuza kwa shilingi 6,000. Ule nilioununua duka moja la mjini kwa shilingi 5,000 ulikuwa mkavu, na tui lake lilikuwa la kutafutwa.

Kiswahili cha mitaani hakina uhaba wa majina ya wauzaji wasio na duka. Machinga limetokana na Wamachinga wa Lindi, kwa kuwa vijana wa kusini walijulikana sana kwa kutembeza bidhaa mikononi Dar es Salaam. Mama ntilie ni sauti ya mteja mwenye njaa anayeomba atiliwe chakula. Winga, aliyeshamiri Kariakoo, ametolewa kwenye mpira: hukimbia pembeni akimtafutia mteja bidhaa iliyomo katika duka la mtu mwengine. Majina hayo, hata yakitamkwa kwa dharau, yanataja kazi. Mmoja anatembea, mmoja anapakua, mmoja anakimbia. "Wa nyumbani" halitaji kazi yoyote. Linataja mahali tu, tena mahali ambapo jasho la mwanamke limezoeleka kutohesabiwa, na ndiyo maana naona ni jina baya kuliko yote hayo.

Sisemi kwamba wenye maduka hawana hoja. Wanalipa kodi ya pango, leseni na mishahara, na mmoja wao aliniambia kwa uchungu kuwa mwezi wa Ramadhani, ambao ndio wa kuuza, mikate yake hulala rafuni huku foleni ikiwa dirishani. Namwelewa. Lakini foleni ile haikuja kwa sababu ya kodi; imekuja kwa sababu ya tui.

Kasoro zipo, na nimemweleza mwenyewe. Hufunga mkate kwa gazeti ukiwa bado wa moto, na mara mbili nimekuta wino umegandamana na uso wake. Mara moja pia niliuziwa ulioungua chini. Nilipourudisha aliutazama, akasema, "Huu si wa kumpa mtu, mwanangu," akanipa mwengine na wala hakutaka kusikia habari ya nyongeza. Hana risiti, kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya ofisi itambidi ajipange kwa hilo.

Nendeni na sahani zenu au kikapu chenye kitambaa safi, na mfike kabla ya alasiri. Anayetaka mikate zaidi ya mitatu amwarifu siku moja kabla, maana mchele huroweka kwa kiasi cha walioagiza, na ukimalizika hufunga dirisha.