Vitabu vya bure vya TET, mama wa mapacha nimeokoka

Jamani nina mapacha wa miaka 6 hapa Chumbageni, Tanga, nawafundisha mwenyewe nyumbani kabla hawajaanza la kwanza, mwanzoni nikaingia mkenge, nikanunua seti ya vitabu vya nje duka moja Ngamiani, 45,000 yangu ikaenda, mtoto anaulizwa habari za theluji wakati yeye anajua jua na bahari, halafu wiki ya 2 tu kurasa zikaanza kuchomoka. Niliumia sana.

Ndo dada angu akanambia ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), vitabu vya kiada vya kuanzia la kwanza vimo, bure, unasoma kwa simu. Aisee! Nafata mtindo wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kwanza sauti ya herufi, ndo silabi, ndo neno, juzi Hassani kakaa barazani kidole kwenye skrini, ba... ta... akanyamaza kidogo mara "mama, bata!" Machozi yalinitoka.

Shida simu ndogo macho yanauma, kwa hiyo naprinti kurasa chache chache steshenari. Hussein bado anachanganya b na d, tunaziandika mchangani kila jioni.