"Mzee, kwani unalipa shilingi ngapi?"

Naandika hii hasira ikiwa bado haijapoa, kwa hiyo anayetaka maoni ya upole atafute kwingine. Kampuni siitaji jina. Ni ile inayojitangaza kwamba vikundi vya kijamii inavihifadhia tovuti bure, na kwenye tangazo lao kuna kina mama wanacheka huku wamekodolea simu moja.

Sisi ni wakazi wa Kigamboni, Dar es Salaam. Tuna mtandao wetu mdogo tu. Kila mtaa una ukurasa wake, mkazi mwenye jambo anaandika, mimi na vijana wawili tunapitia, tunarusha. Hakuna anayelipa wala anayelipwa. Aliyepotelewa na mbuzi yumo, mwenye chumba cha kupangisha yumo, tanzia zimo, mikutano ya serikali ya mtaa imo. Kuna mama mmoja anakaanga samaki pale Feri, upande wetu huu. Kila alfajiri alikuwa anatuandikia mistari mitatu kuhusu foleni ya pantoni, kivuko chetu cha kwendea mjini. Nawaambia ukweli, mistari ile ilisomwa kuliko makala zangu zote nilizokesha nazo.

Mtu wa ng'ambo, upande wa mjini, hawezi kuelewa. Ukiwa Posta, pantoni unaliona kwa mbali linapita, basi. Ukiwa huku, pantoni lisipovuka itakubidi uzungukie Daraja la Nyerere utokee Kurasini, halafu uanze kuunganisha daladala. Kwa mtu wa miguu pantoni ni shilingi 200. Ukizunguka, hiyo 200 hata maji ya kunywa njiani haikununulii. Kwa hiyo mistari mitatu ya saa kumi na moja alfajiri ni hela mfukoni mwa mtu.

Sasa, siku moja katika masika haya, bahari ilichafuka usiku kucha. Mama wa samaki akatuma: upepo mkali, pantoni zinasubiri, mwenye haraka apitie darajani. Nikarusha. Watu wakafungua, wakatumiana, wengine wakafungua tena na tena kuangalia kama kuna jipya. Haikupita saa moja simu yangu ikaanza kulia. "Mwalimu, tovuti imekufa." Nikafungua mwenyewe nikakuta ukurasa mweupe pee, katikati maandishi ya Kiingereza: akaunti hii imesimamishwa.

Imesimamishwa! Watu wamesimama kwenye mvua wanatafuta njia, wanakuta tangazo kwamba sisi tumesimamishwa. Jirani yangu mmoja alinipigia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekamatwa.

Msicheke. Hofu hiyo ina mizizi. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye kutaka kuandika alitakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ukijumlisha maombi, leseni yenyewe na ada ya mwaka, ilikuwa shilingi milioni 2.1. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5, au jela si chini ya miezi 12, au vyote viwili. JamiiForums wenyewe, lile jukwaa la mijadala, pamoja na ukubwa wao, walizima kwa muda Juni ile. Sisi wakaanga samaki na walimu wastaafu milioni mbili tungeitoa wapi? Tukafunga. Tukahamia WhatsApp, na enzi hizo kundi likifika watu 256 limejaa. Ikawa kukitokea msiba tunamtoa mtu mmoja mkimya ili mfiwa apate kuingia. Tuliporudi hewani miaka baadaye, michango yote iliishia kwenye leseni. Hapo ndipo neno "bure" lilipotunasa.

Basi nikapiga huduma kwa wateja. Muziki. Muziki tena. Vocha inakwenda. Akapokea kijana.

"Habari za asubuhi, mwanangu."

"Nakusikiliza."

Salamu hakuitikia. Nikameza, nikaeleza. Nikamsikia anabofya bofya, kisha: "Mmezidi matumizi." Matumizi gani? "Mmezidi, mzee. Kifurushi cha bure kina kikomo." Nikamwomba, na nasisitiza nilimwomba, afungue kwa saa mbili tu, watu wako Feri wananyeshewa, mengine tutaongea baadaye. Akakaa kimya kidogo.

"Mzee, kwani unalipa shilingi ngapi?"

Halafu akacheka. Hata si kicheko cha wazi, ni kile cha puani. Nimefundisha miaka mingi, kicheko kile nakijua. Ni cha mwanafunzi aliyekwishagundua kwamba mwalimu hana chaki.

Nilikata simu. Jibu, kama kawaida ya majibu, lilinijia usiku nimelala chali. Chini ya kila ukurasa wetu, hata ukurasa wa tanzia, pana tangazo lenu. Mtu anasoma jirani yake amefariki, chini yake mnamwambia afungue tovuti ya biashara kwa bei nafuu. Mkazi anayetusoma anatumia bando lake kulipakua tangazo hilo. Sasa ni nani anayemlipa nani hapo?

Lakini niwe mkweli, maana vijana wangu nao watasoma hapa. Kabla ya siku hiyo tulikaa nao karibu mwaka mzima bila tatizo la maana. Na mmoja wa vijana alipochungulia kilichotumaliza, alikuta mkazi mwenzetu amepandisha picha 34 za kipaimara cha bintiye, zimetoka kwenye simu vilevile, kila moja MB 4 na ushee, tena kwenye ukurasa wa mbele. Kwa hiyo kila aliyefungua kutafuta habari za pantoni alianza kushushiwa kipaimara kizima: keki, maturubai, shangazi na vitenge vya sare. Tukapiga hesabu. Ukurasa mmoja umevuka MB 130. Wafungue watu mia tatu tu, GB 40 zimekwenda kwa keki. Tulijichimbia wenyewe. Na barua pepe ya onyo walituma, tena mara mbili, ila ilikwenda kwa katibu wetu wa zamani, na yeye alishahamia Mbeya.

Sawa. Kosa letu. Nyota tatu basi.

Hapana, ngoja kwanza. Kikomo nakielewa. Kukataa ombi langu pia nakuelewa, huenda hana ruhusa ya kufungua. Kicheko nani alimpa ruhusa? Kikomo cha kifurushi kinamzuia kuitikia salamu?

Jioni ile ile akapiga dada mmoja wa kampuni hiyo hiyo. "Shikamoo baba, pole kwa usumbufu." Jamani. Alituulizia hali ya bahari kwanza! Akafungua akaunti, akakaa na kijana wetu kwenye simu akimwelekeza namna ya kuzipunguza picha kabla ya kuzipandisha, picha ya MB 4 ikashuka hadi KB mia mbili hivi na kwa macho yangu mimi haina tofauti. Akatubadilishia na anwani ya kupokelea maonyo. Hakututajia hata mara moja kifurushi cha kulipia. Usiku ule nilikuwa tayari kuwapa nyota tano, na nyingine ya juu ningemchorea huyo dada kwa mkono.

Asubuhi tukagundua kilichorudishwa ni nakala ya zamani. Wiki tatu hazimo. Hakuna anayenieleza zilikwenda wapi. Tiketi yetu, yaani lalamiko tulilowafungulia, mpaka leo inasomeka "inashughulikiwa". Mbuzi na vyumba havinisumbui, watu wataandika tena. Ila kulikuwa na tanzia ya mzee mmoja wa hapa kwetu, na chini yake salamu za rambirambi kama sitini, nyingine zimetoka Muscat kwa wanawe. Mjane wake alikuwa anasomewa na mjukuu kila jioni. Alinijia nyumbani akaniuliza zilipo. Mimi nimweleze habari za seva?

Mistari ya mama wa samaki nayo ya wiki tatu imekwenda, ikiwemo ile ya siku ya bahari kuchafuka.

Kwa hiyo nyota mbili. Zote za dada yule. Kama naye angekuwa na likizo siku hiyo, ningewapa sifuri na kuwadai vocha yangu. Mwenye kikundi kidogo, chenye maandishi matupu na mtu wa kuwashikia picha wenzake, anaweza kuwatumia, lakini kila Ijumaa ahifadhi nakala yake mwenyewe kwenye flashi, asiwategemee. Sisi bado tupo kwao. Kuhama kunataka hela, na mweka hazina ukimtajia hela anakumbuka ana mgonjwa hospitali.

Leo alfajiri mama wa samaki kanipigia, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mwalimu, niandike, au watatusimamisha tena?" Nimemwambia aandike. Asiweke picha tu.