Baridi mbili na gari la umeme lenye pampu ya joto, uzoefu wangu

Nipo Oslo, Norwe, mwaka wa saba saivi na hili ni gari langu la pili la umeme, Tesla Model Y ya 2022, nililinunua mkononi kwa mtu na nimeshapita nalo majira mawili ya baridi. Lile la kwanza lilikuwa na hita ya koili, kama ya birika la umeme tu, yuniti moja ya umeme inakupa yuniti moja ya joto basi. Sasa fikiria asubuhi ya Januari uko kwenye foleni, gari linasogea kidogokidogo na hita inavuta kilowati tatu, nne mfululizo, yaani joto linakula betri kuliko hata mwendo wenyewe! Tulikuwa tunazima hita tunabaki na joto la siti, mke wangu shuka magotini, mtoto nyuma analia miguu inamuuma. Iliniuma sana ile.

Watu wanaiogopa pampu ya joto ila ukiielewa friji umeielewa. Weka mkono nyuma ya friji utasikia moto, ule moto umetolewa kwenye vyakula ndani. Gari nalo hivohivo, gesi inachota joto la nje, kompresa inaikandamiza inazidi kupata moto, afu joto linaingia mlipokaa. Utauliza kwenye nyuzi -5 joto gani lipo nje, lipo, manake gesi yenyewe inachemka kwenye -29 hivi kwa hiyo hewa ya -5 kwake bado ni ya moto. Kiangazi vali zinageuza njia, kompresa ileile inakuwa AC na inapoza betri pia ukiwa kwenye chaji ya haraka. Na hili gari linaokota hata joto la mota na la betri linalipeleka ndani, hiyo nimeipenda mno.

Kwenye sifuri mpaka -5 yuniti moja inaweza kukupa mbili na zaidi za joto, na hapo ndo tofauti utaiona, hasa mjini. Safari ya kutoka Oslo kwenda mji wa Lillehammer, kama kilomita 185, ilikuwa -8, nikatoka na asilimia 90 nikafika na 37, ndani tumevua makoti wote. Lile la zamani lazima nisimame njiani Hamar kuchaji.

Ila ikishuka -15 kwenda chini faida inapungua sana, kompresa inanguruma unaisikia, na siku moja mvuke mweupe ukapanda mbele ya gari nikadhani linaungua nikamshusha mtoto mbio. Kumbe ni barafu iliyoganda kwenye rediyeta inayeyushwa, ni kawaida kabisa. Kuna muuzaji aliniambia ukiwa na pampu ya joto baridi haipunguzi kilomita, si kweli, inapunguza, betri yenyewe ikipoa inachoka. Mimi napasha gari dakika 20 kabla ya kutoka likiwa bado kwenye waya.

Rafiki yangu wa Mombasa anataka kuagiza gari la umeme la Nissan Leaf kutoka Japani akaniuliza atafute yenye pampu ya joto? Nimemwambia asiongeze hata senti kwa ajili hiyo, kule anachohitaji ni AC na kila Leaf inayo. Hata Nairobi Julai hita ya kawaida dakika kumi inatosha. Hiyo pesa aiweke kwenye gari lenye betri nzima, ahesabu vile vipau 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi kabla hajalipa.