Squoosh: kubana picha huku ukiona unachopoteza

Picha nyingi zinazokwamisha barua pepe huwa kubwa kuliko anavyohitaji mpokeaji. Gmail hukubali viambatisho visivyozidi megabaiti 25 kwa ujumbe mmoja, na kwa kuwa barua pepe hugeuza kila faili kuwa mfululizo wa herufi kabla ya kuisafirisha, uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja njiani. Wengi hukimbilia kufunga picha hizo katika faili la ZIP, lakini JPEG, muundo wa kawaida wa picha za kamera, imekwisha kubanwa tangu ilipotoka kwenye kamera, hivyo ZIP haipati cha maana cha kupunguza.

Squoosh, zana ya mtandaoni ya kupunguza uzito wa picha iliyotolewa na timu ya Chrome ya Google mwaka 2018, ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Picha haipakiwi kwenye seva yoyote; hubanwa kwenye kifaa chako mwenyewe, jambo ambalo mtu anayetuma nakala ya cheti au kitambulisho hapaswi kulipuuza. Kioo hugawanywa pande mbili kwa mstari unaoburutwa, upande mmoja ukionyesha picha asilia na wa pili ile iliyobanwa, na chini yake uzito mpya husomeka kila unapobadilisha kiwango cha ubora. Kiwango kinachowekwa mwanzoni kwa JPEG ni 75, nami sioni sababu ya kukigusa kwa picha za kawaida. Ukikishusha mno, anga huanza kukatika vipandevipande vya miraba, na maandishi huzungukwa na ukungu mchafu ambao mpokeaji ataudhania kuwa ni kosa la mpigapicha.

Kabla ya kugusa ubora, hata hivyo, punguza vipimo. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikishushwa hadi 1600 kwa 1200 hubaki na chini ya pikseli milioni 2 kati ya milioni 12, na bado hujaa vizuri kwenye skrini nyingi. Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na inashangaza kwamba watumiaji wengi huipita.

Kasoro yake ya wazi ni kwamba tovuti hushughulikia picha moja tu kwa wakati, kwa hiyo mwenye albamu nzima atachoka mapema. Aidha, faili linalotoka huwa limepoteza tarehe na mahali picha ilipopigwa. Kwa faragha ni nafuu, kwa kumbukumbu ni hasara, basi itunze ile ya asili. Miundo mipya ya picha, AVIF na WebP, hutoa faili dogo zaidi, ila kwa kiambatisho ningebaki na JPEG, kwani programu ya zamani ya mpokeaji huenda isifungue hiyo mipya. Hati za PDF Squoosh haizibani kabisa.