Kinanda: kipya cha dukani au mtumba?

Ukitafuta kinanda Mombasa leo, kuna kipya cha dukani na kuna mtumba wa mwanamuziki mwenzako. Kipya kina risiti na waranti, lakini bei yake hufuata dola, na juu yake VAT ya asilimia 16. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, bei zikapaa. Shilingi ilipopata nguvu, sikuona zikishuka kwa kasi ile ile. Changu nilikinunua kipya. Kibonyezo kimoja kilipokwama, duka lilinizungusha wiki tatu. Iliniuma sana.

Mtumba ni nafuu, na mwenyewe hukupigia nyimbo mbili tatu ukisikia. Ila hewa yetu ya chumvi haina huruma, hutia kutu mpaka ndani. Bonyeza kila kibonyezo, polepole kisha kwa nguvu. Zungusha swichi ya sauti usikilize kama inakwaruza, chomeka spika, uliza kilikuwa kikiwekwa wapi. Adapta nayo iwe yake.

Anayeanza namshauri mtumba, tena aende na fundi. Bendi ya harusi inayopiga kila wikendi ichukue kipya, lakini duka liseme kabla ya malipo nani atakitengeneza kikiharibika.