Kontrola ya breki za tela la kulala: ununue ipi ukiwa Dodoma

Kabla hujatoa hela, lala chini ya tela uangalie lina breki gani. Tela lililotoka Afrika Kusini au Ulaya mara nyingi lina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, uzito wa tela unaibana shingo yake, shingo inavuta fimbo, na breki zinashika zenyewe. Tela la namna hiyo halihitaji kontrola yoyote, na muuzaji anayekubembeleza uichukue anakulia hela yako bure. Kontrola ni ya breki za umeme, ambazo ni za kawaida kwenye matela ya Australia na Marekani. Utazitambua kwa waya mbili zinazoingia nyuma ya kila gurudumu lenye breki. Ndani ya dramu mna sumaku. Ikipata umeme inanasa kwenye dramu na kuvuta mkono unaotanua viatu vya breki. Kazi ya kontrola ni kuamua sumaku ipewe umeme kiasi gani, na lini.

Jambo la pili ni volti za gari lako. Hilux na Prado kwa kawaida ni volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani kutoka Japani ni volti 24. Usihesabu betri tu, maana zipo gari zenye betri mbili ambazo bado ni volti 12. Fundi apime kwa mita umeme unaofika kwenye boksi la fyuzi. Kontrola nyingi za Marekani ni za volti 12 peke yake.

Barabara inayoipima breki kwetu ni ile ya Iringa kupitia Mtera, wanakopita wengi waendao hifadhi ya Ruaha. Kwenda, milima ya Nyang'oro unaipanda. Kurudi ndiyo kazi: mteremko mrefu, kona, malori mbele yako, na nyuma yako tela la kilo 1,000 au zaidi linalotaka kukupita. Breki za gari zikibeba peke yake uzito wote huo zinapata moto, na zikishapata moto unakanyaga zisishike. Ukimaliza mlima unaingia vijijini, kuna matuta, kuna mbuzi na watoto wanaovuka. Ndiyo maana nazipanga kontrola kwa swali moja: tela litasimama pamoja na gari, au litachelewa?

Ya kwanza: Redarc Tow-Pro Elite. Inatengenezwa Australia, na kwa barabara zetu sioni inayoizidi. Inakubali gari la volti 12 na la volti 24, jambo ambalo kwa mwenye Land Cruiser ya zamani linamaliza mjadala. Boksi lenyewe linafichwa nyuma ya dashibodi, linawekwa upande wowote bila kupimiwa usawa, na mbele kinabaki kitufe kidogo cha kuzungusha. Lakini sababu kubwa ya kuipa nafasi hii ni kwamba ina namna mbili za kufanya kazi. Kwenye lami inapima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kulipatia tela breki za kiasi hicho hicho: ukigusa taratibu nalo linagusa taratibu, ukisimama ghafla linashika kwa nguvu. Kwenye vumbi na mashimo unahamia namna ya pili, ambayo nguvu ya breki za tela unaipanga wewe kwa kitufe, hivyo mtikisiko wa barabara hauichanganyi. Sehemu za vumbi za ile njia ya kutoka Iringa kwenda Ruaha zinaidai hasa namna hii ya pili. Bei yake ni ya juu, na wengi wataiagiza nje, kwa hiyo ingiza ushuru kwenye hesabu mapema.

Ya pili: Tekonsha Prodigy P3. Hii ni ya Marekani, nayo inapima jinsi gari linavyopunguza mwendo. Ina kioo kinachoonyesha volti zinazokwenda kwenye breki na kukutahadharisha muunganisho ukiwa na hitilafu. Kioo hicho kina faida kubwa kwa fundi anayefunga kontrola kwa mara ya kwanza. Kama gari lako ni volti 12 na safari zako ni za lami, Singida, Babati, Morogoro, ichukue bila wasiwasi. Angalia tu inapofungwa: kwa usukani wetu wa kulia, kitelezi cha kuvutia breki za tela kwa mkono kifikiwe na mkono wa kushoto, na boksi lisigonge goti.

Ya tatu: zisizofungwa ndani ya gari, kama Curt Echo. Hii inachomekwa kati ya plagi ya gari na ya tela, na unaipanga kwa simu. Inamfaa anayeazima magari tofauti. Ila inataka soketi ya Kimarekani ya pini 7 yenye umeme wa betri wa kudumu, na soketi ya duara iliyozoeleka huku ni ya taa tu. Halafu sipendi breki ya dharura itafutwe kwenye simu.

Ya mwisho: zinazohesabu muda. Ndizo za bei ya chini, na siwashauri watu wa huku wazinunue. Hazijui kama umegusa breki kidogo au umesimama kwa hofu. Zinapandisha umeme polepole hadi kiwango ulichopanga, na ukiachia pedali zinaanza upya. Kona kwa kona za Nyang'oro utaachia na kukanyaga tena na tena, na kila mara tela litachelewa.

Ukishanunua, usibane matumizi kwenye ufungaji. Waya wa umeme utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya kujirudisha, yenye ampia zinazotajwa kwenye mwongozo wa kontrola yako, na waya uwe wa milimita za mraba 4 au zaidi. Waya mwembamba wa taa unapoteza volti njiani, sumaku inashika kinyonge, na lawama inakwenda kwa kontrola isiyo na kosa. Kwenye Prodigy, Redarc na nyingine nyingi, nyeusi ni betri, nyeupe ni hasi, nyekundu ni swichi ya taa ya breki na bluu ndiyo inayokwenda tela.

Kisha tafuta barabara tupu, kavu na tambarare. Tela likiwa na mzigo wake wa kawaida, nenda kilomita 40 kwa saa na ushike breki za tela peke yake kwa mkono. Ongeza nguvu mpaka magurudumu yakaribie kukwama, rudisha kidogo, acha hapo. Ukibadilisha mzigo, panga upya.

Na usisafiri bila swichi ya kukatikia: kamba iliyofungwa kwenye gari, ambayo tela likichomoka inavuta pini, na betri ndogo ya tela yenyewe inashika breki. Ijaribu kabla ya safari, plagi ya tela ikiwa imechomolewa kwenye gari ili umeme usirudi kwenye kontrola. Irudishe pini mara moja. Ukiigeuza kuwa breki ya mkono usiku kucha kambini, asubuhi betri itakuwa imeisha.